Mgeni Katika Uwanja wa Fenway

Mgeni aingiaye uwanja wa Fenway, mjini Boston, Marekani, kutazama besiboli kwa mara ya kwanza, haelewi mengi. Mtupaji hutupa, mpigaji hukosa, umati hushangilia jambo asiloliona. Katikati ya zamu ya saba watu wote huinuka wakajinyoosha. Naye hujinyoosha ingawa hakuchoka. Hapana unafiki hapo. Ni adabu ya ugeni.

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1912, na ndio mkongwe kupita vyote vya ligi kuu vitumikavyo hata leo. Kushoto umesimama ukuta wa kijani wa kimo cha mita 11, ambao wenyeji wameupa jina la zimwi; na katika ubao ulio chini yake hesabu za mchezo hubadilishwa kwa mkono. Jicho la mgeni huvutwa na ukongwe upesi sana, na hapo ndipo swali huanzia: je, afurahiaye ukongwe ana haki ya kutoujua?

Aprili 1945 wachezaji watatu weusi, Jackie Robinson, Sam Jethroe na Marvin Williams, walijaribiwa uwanjani humo wakaondoka bila ya kuajiriwa. Mwaka 1947 Robinson aliingia ligi kuu kwa timu ya Brooklyn. Red Sox, wenye Fenway, hawakumchezesha mtu mweusi hata mwaka 1959, alipoingia Pumpsie Green. Nao walikuwa wa mwisho katika timu zote 16 za wakati huo.

Yuko atakayesema kuwa si kazi ya mgeni kuhesabu nyufa za nyumba aliyokaribishwa. Neno hilo lina staha, lakini wahenga walisema mgeni aje mwenyeji apone, wala hapana mgonjwa aliyeponywa kwa sifa za kuta zake. Tena wenyeji wenyewe wamekwisha anza: mwaka 2018, kwa ombi la timu, barabara ya kando ya uwanja iliondolewa jina la Yawkey, aliyekuwa mwenye timu miaka ile, ikarudishiwa jina lake la kale, Jersey. Wako waliopinga.

Hata hivyo, kumnyima kofi kijana achezaye leo kwa kosa la waliokufa ni dhuluma nyingine, tena huenda kijana huyo ni mweusi. Mpira hugonga ukuta ukarudi majanini. Umati huinuka. Mgeni naye huinuka, amechelewa kidogo, akapiga makofi.