Mwenye Kupooza Angali Bwana wa Nyumba?



Kuna jambo linaloletwa mara kwa mara mbele ya mashemasi hapa Kama. Bwana ameanguka ghafula, mkono na mguu wa upande mmoja havina nguvu tena, kinywa kimepinda, neno halitoki. Jamaa wanajaa katika lupango, na kesho yake ulizo linatokea: sasa nani anasema katika nyumba hii? Ndugu ya mgonjwa anasema ni yeye. Bibi anasema ni yeye. Mtoto mkubwa ameshashika ufunguo wa sanduku. Na mwenye nyumba amelala pale, macho wazi, anasikia yote.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Waganga wa hospitali wanauita AVC, na kwa Kiswahili ni kiharusi. Mshipa wa damu katika ubongo unaziba ao unapasuka, na sehemu ya ubongo inakufa. Sababu iliyo kubwa kupita zingine ni tansio ya kupanda, ambayo inaweza kukaa miaka mwilini bila kuuma. Upande wa kushoto wa ubongo unaongoza upande wa kuume wa mwili, na kwa watu wengi ndio unaoshika maneno pia. Mwaka 1861, pale Paris, munganga Paul Broca alimpokea mtu aliyeweza kutamka silabi moja tu, «tan». Mtu huyo alipokufa, Broca aliangalia ubongo wake, akakuta jeraha upande wa kushoto, kwa mbele. Hakukuta mkono wa mchawi. Tunasema hivi juu ya wale wanaokimbilia kuuliza ni nani aliyemtupia. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza nani alitenda dhambi, yule kipofu ao wazazi wake, na mnajua namna walivyojibiwa. Jina likishatajwa, mara nyingi ni la bibi ao la mama mkwe. Basi bibi anafukuzwa. Na usiku nani atamgeuza mgonjwa?

Sasa turudi kwa ulizo letu. Kupoteza maneno si kupoteza akili. Mtu anaweza kuelewa kila kitu na kukosa njia ya kujibu. Mkumbuke Zakaria, baba ya Yohana Mbatizaji. Alikuwa bubu siku ile majirani walipokuja juu ya jina la mtoto. Elisabeti alikuwa ameshasema jina, na jina lile lilikuwa la kweli. Lakini watu walimgeukia baba, wakamwuliza kwa ishara, naye akaomba kibao na kuandika. Tuone vizuri hapo. Kama kumwuliza mtu ni kwa kutafuta jibu tu, hawakuwa na haja naye, jibu lilikuwa limeshatolewa. Waliuliza kwa sababu alikuwa baba. Hata bibi anayemjua bwana wake miaka thelathini, anayejua kabisa atasema nini, angali na deni la kumwuliza.

Marekani waliona ubaya wa kusahau jambo hilo. Rais Wilson alipigwa na kiharusi tarehe 2 Oktoba 1919, upande wa kushoto wa mwili ukapooza. Bibi yake, Edith, akawa anachagua karatasi gani zimfikie na mambo gani yasimfikie, na watu wa inchi walifichwa ukubwa wa ugonjwa. Hatumhukumu mama yule. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alitaka bwana wake apone, asichoshwe. Lakini kumtunza mtu na kukalia kiti chake ni mambo mawili yanayoweza kuvaa kanzu moja.

Basi tumwulize mgonjwa namna gani? Ulizo moja, fupi, la ndiyo ao hapana. Kisha tungoje. Afinye mkono, aonyeshe kidole, afumbe macho. Mtu mwenye afya anachoka kungoja upesi sana! Na tena kuna jambo la ajabu: mwenye kukosa maneno anaweza wakati mwingine kuimba. Katika karne ya 18, Olof Dalin wa Sweden aliandika juu ya mtu asiyeweza kusema, lakini nyimbo za kanisa alizozijua aliziimba na maneno yake. Wanakwaya, msimwimbie tu mgonjwa. Anzeni wimbo anaoujua, kisha mnyamaze kidogo katikati, mwone.

Kuna pia mapenzi yanayolemaza. Mama anamlisha, anamvika, anamfungia vifungo, na kila mtu anamsifu. Lakini mkono unajifunza tena kwa kutumika. Nguvu nyingi zinarudi katika miezi mitatu ya kwanza, na hata baadaye zinaweza kuongezeka. Akichukua nusu saa kufunga shati, iwe nusu saa. Palipo na hatari tusaidie mara moja: asilishwe akiwa amelala, aketi wima, na akikohoa kila anapokunywa maji, munganga ajulishwe. Asivutwe kwa mkono ule uliopooza, bega linatoka. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili juu ya vidonda. Palipo na ukawivu tu, tungoje.

Mpaka hapa tumesema kana kwamba anayeanguka ni bwana peke yake. Mama akianguka, mambo yanakuwa mengine. Miezi miwili haijaisha, velo inatafutwa, mama anarudishwa kwao «apumzike», na bibi mwingine anaingia jikoni. Tukiuliza, tunajibiwa: nani atanipikia? Hilo ni ulizo la njaa, si la ndoa. Sheria ya jamaa ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, inasema bwana na bibi wanapashwa kutunzana na kusaidiana. Haikusema bibi peke yake. Na baba anayeona haya kuosha mwili wa bibi yake mbele ya mama mkwe, atuambie haya hiyo aliiacha wapi siku ya arusi.

Jambo lililo gumu kwetu ni hili. Mgonjwa anaweza kubadilika tabia. Mtu mpole anakuwa mkali, analia bila sababu, anacheka kwenye kilio. Mara nyingi ni jeraha la ubongo, ao huzuni ya kujiona hivyo. Bibi anasema: niliahidi kwa mtu mwingine, si huyu. Hatumkemei. Ahadi ilitolewa kwa mtu, haikutolewa kwa upole wake, kwa hiyo ingali inasimama. Lakini ahadi haimlazimishi kupigwa fimbo na kunyamaza, wala kubeba peke yake. Mwimbaji Tabu Ley, anayejulikana Kongo nzima (nyimbo zake si za ibada, tunajua), alipigwa na kiharusi mwaka 2008, akafariki Bruxelles tarehe 30 Novemba 2013. Miaka mitano. Sisi tunatembelea mgonjwa juma tatu, kisha tunamwachia bibi yake. Yule aliyepooza wa Kapernaumu alibebwa na watu wanne. Mmoja asingemfikisha juu ya nyumba.

Juu ya vidonge vya tansio, tuseme kwa ufupi: maombezi hayavikatazi. Anayeviacha kwa kuwa amejisikia vizuri anaweza kuanguka mara ya pili. Chumvi ipunguzwe katika sombe, na isiwe kwa mgonjwa tu, iwe kwa chungu kizima.

Anayeweza kukaa na mgonjwa saa mbili, ili bibi ao bwana wake aende shambani ao alale kidogo, atoe jina lake kwa mashemasi kisha ibada. Akifika nyumbani, amsalimu mgonjwa kwanza, kwa jina lake, kabla ya kumwuliza mtu mwingine habari zake.