Mgeni wa Siku Hamsini

Jumatano iliyofuata Pasaka, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nimebanwa katikati ya umati kwenye kivuko cha Likoni, nikingoja lango la feri lifunguliwe. Mbele yangu ajuza mmoja, leso mabegani, rozari imezungushwa kiganjani, alimgeukia kijana aliyesimama ubavuni mwake. Walionekana kujuana.

"Heri ya Pasaka, mjukuu wangu."

"Shikamoo, nyanya. Lakini Pasaka si ilipita Jumapili?"

"Marahaba. Ilipita? Wewe uliiona ikielekea wapi?"

Lango likafunguliwa, umati ukatuzoa, na jibu sikulisikia.

Swali hilo nimelibeba tangu siku ile, kwa sababu kwa hesabu ya Kanisa Katoliki nyanya alisema kweli tupu. Kipindi cha Pasaka huanza Jumapili ya Ufufuko na kuishia Pentekoste. Ni siku 50, na Kanisa huzichukua zote kuwa sikukuu moja, Dominika moja kubwa. Jumatano ile ilikuwa siku ya nne tu. Kwaresima iliyotangulia huhesabiwa siku 40. Walioipanga kalenda hii, basi, waliipa furaha siku kumi zaidi ya toba.

Lakini tazama tunavyoishi. Kwaresima tunaiweza: majivu kwenye paji la uso, Njia ya Msalaba kila Ijumaa, chai isiyotiwa sukari. Furaha ikifika tunaipa Jumapili ya pilau, tunaiongezea Jumatatu ya Pasaka kwa kuwa serikali imetupa mapumziko, na Jumanne alfajiri tumo kwenye matatu ya Changamwe, nyuso zimekunjwa kama za Ijumaa Kuu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hatujapata kumtumia mgeni yeyote kwa ukali kama tunavyomtumia huyu.

Kwa nini huzuni tunaivumilia kwa muda mrefu, na furaha inatuchosha upesi hivyo?

Jibu moja ni kwamba huzuni tumeijengea nyumba. Mtu akifa Kisauni, mfiwa haachwi ajijulie mwenyewe namna ya kulia. Turubai hufungwa, viti vya plastiki hukodiwa, jirani mmoja huleta maji na mwingine huchagua mchele, wanawake hulala chini pamoja na mfiwa. Ikifika arobaini watu hurudi, Mwislamu kwa hitima, Mkristo kwa Misa au sala ya jumuiya. Katika siku zote hizo hakuna anayemuuliza mfiwa kama leo ana huzuni ya kutosha. Desturi inambeba, awe na machozi au yamekauka. Furaha tumeiacha bila turubai. Tunadhani itakuja yenyewe kama chafya, na isipokuja tunajiona hatuna haki ya kusherehekea.

Hapa inafaa kutenganisha maneno ambayo mdomoni huchanganyika. Raha ni ya mwili: upepo wa jioni, dafu baridi, kuvua viatu baada ya zamu ya bandarini. Shangwe ni ya umati: vigelegele, kayamba, kwaya imeshona sare mpya. Raha huondoka na upepo, na shangwe hukatika ngoma ikikatika. Furaha hukaa chini zaidi. Tomaso wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alikataa kuiweka katika orodha ya fadhila zinazojitegemea, akasema ni tunda la upendo. Kama ni tunda, basi huwezi kuliamuru litoke. Hakuna anayeliamuru dafu. Mtu hupanda mnazi, akaumwagilia, akangoja miaka. Ndiyo maana sidhani kama zile siku 50 ni amri ya kuhisi kitu. Nazisoma kama ratiba ya kumwagilia.

Umwagiliaji wenyewe ni wa mambo madogo, karibu yote ya mwili. Usiku wa Mkesha taa za kanisa huzimwa, moto huwashwa nje, na mshumaa mkubwa wa Pasaka, uliochorwa msalaba na tarakimu za mwaka, huingizwa gizani. Kisha huimbwa Mbiu ya Pasaka, na mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa neno hilo, maana mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Maji hubarikiwa. Katika mitaa ambako familia nyingi hununua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwenye mkokoteni, kumwona padre akiwarushia watu maji bila kuyahesabu ni somo tosha kuhusu neema. Sala ya Malaika wa Bwana hupumzishwa, ikashika nafasi yake Malkia wa Mbingu, nayo husaliwa watu wamesimama.

Kusimama huko kuna historia. Mwaka 325 Mtaguso wa Nisea, uleule ulioshughulika na mabishano mazito kuhusu Mwana wa Mungu, uliweka kanuni kwamba Jumapili na siku zote hadi Pentekoste watu wasali wamesimama, wasipige magoti. Ni kana kwamba maaskofu wale waliona kuwa goti lililozoea kukunjwa linahitaji majuma saba kujifunza kunyooka. Na kabla yao, huko Kartago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, mwandishi Tertuliano aliwakaripia Wakristo waliokimbilia sikukuu za wapagani. Aliwaambia kwamba sikukuu zote za mataifa zikikusanywa pamoja hazijazi zile siku 50 walizo nazo wao. Mwafrika huyo hakuwa na aibu ya kufurahi kwa muda mrefu.

Lakini kuna pingamizi, na Likoni haiwezi kulikwepa.

Tarehe 29 Aprili 1994, kwenye kivuko jirani cha Mtongwe, feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka. Watu 272 walikufa. Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 3 Aprili. Fanya hesabu: ilikuwa siku ya 27 ya kipindi cha furaha. Jumapili iliyofuata, rangi ya altare ilikuwa bado nyeupe, Aleluya ilikuwa bado kwenye ratiba, na mshumaa wa Pasaka ulikuwa bado umesimama mahali pake. Pasaka yenyewe, kwa asili ya Kiebrania, ni kupita, na Wakristo wameielewa tangu zamani kuwa kuvuka. Somo la Mkesha lisiloruhusiwa kuachwa ni lile la Waisraeli kuvuka bahari wakatokea ng'ambo salama. Sasa lisome mbele ya watu wanaovuka maji kila siku kutafuta riziki, ambao baadhi yao wanajua kwa majina kwamba si kila aliyeingia majini alitokea. Je, kuwaambia wafurahi si kuwatukana?

Ingekuwa tusi kama furaha ingekuwa shangwe. Kumtaka mfiwa apige vigelegele ni ukatili, na dini inayofanya hivyo inastahili kukimbiwa. Lakini angalia kalenda inachodai hasa. Haikudai meno yaonekane. Ilidai mshumaa usizimwe. Na mshumaa huohuo, Pentekoste ikipita, huhifadhiwa penye kisima cha ubatizo, ukawashwa mtoto anapobatizwa, na mtu akifa huwekwa karibu na jeneza lake. Waliopanga hivyo walijua kabisa kwamba furaha wanayoizungumzia italazimika kusimama kando ya maiti. Kama isingeweza kusimama hapo, mshumaa haukuwa na haja ya kuwashwa usiku wa Mkesha.

Tumezoea kusema baada ya dhiki faraja, kana kwamba hizi ni zamu mbili, moja ikitoka ndipo nyingine iingie. Mama aliyempoteza mtoto anajua zamu haziendi hivyo, kwa sababu dhiki yake haitoki. Anachoweza kupewa ni faraja iliyo tayari kukaa chumba kimoja na dhiki. Na hapo ndipo furaha yenye tarehe na taratibu inapoishinda ile ya kujitokea: siku ambayo yeye hawezi kuimba, waliomzunguka wanaimba kwa niaba yake, kama vile siku ya matanga walivyompikia kwa niaba yake. Augustino wa Hippo, Mwafrika mwingine, aliwafundisha waumini wake waimbe Aleluya kama wasafiri, wimbo wa kupunguza uzito wa njia, na miguu isiache kutembea. Msafiri haimbi kwa kuwa amefika.

Watu wa pwani wana neno linalolifafanua jambo hili kuliko vitabu. Neno hilo ni msimu. Pasaka mara nyingi hutukuta kaskazi ikiaga na kusi ikianza, masika yakibisha hodi. Hakuna nahodha anayesema kusi ilivuma jana, basi imekwisha. Zipo siku ndani ya msimu ambapo upepo unalala kabisa na tanga linaning'inia, na bado anajua yumo katika kusi, na safari yake anaipanga kwa kujua hivyo. Furaha nayo ina siku zake za tanga kuning'inia. Hatupaswi kuzichukua kuwa ushahidi kwamba msimu ni uongo.

Basi mwaka ujao, ikifika Jumatano ya Pasaka, mtu akikutakia heri kwenye foleni ya feri, usimwambie imepita. Mwitikie. Zitakuwa zimebaki siku 46.