DARSA FUPI YA RAMADHANI, SIKU YA 22: Ukimfungia, njaa yake ni juu yako



Ndugu zangu katika imani, alhamdulillah tumeingia kumi la mwisho. Pamoja na ibada, majumbani mambo ya Idi yameshaanza: nguo, viatu, zawadi za watoto. Na sisi tulio huku Marekani watoto wetu wana ombi ambalo wazee wetu wangelishangaa. Mtoto anataka mjusi! Au anataka kobe wa maji, kichanga, ganda lake kama sarafu, yuko kwenye kibakuli chenye mnazi wa plastiki. Bei si kubwa, mtoto analia, mzazi anatoa pesa. Basi leo tuliseme hili kabla hatujafika dukani.

Hadithi mbili mnazijua, zote wamezipokea Bukhari na Muslim.

Ya kwanza ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tazama kosa lake lilivyoelezwa. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie vidudu vya ardhini. Paka alikuwa na milango miwili ya riziki, mkono wa yule mama na ardhi ya Allah. Mama akaifunga yote miwili.

Ya pili ni ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akateremka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema, anakula udongo kwa kiu. Akasema moyoni kwamba huyu amefikwa na kile kilichonifika mimi. Akarudi kisimani, akajaza khofu yake maji, akamnywesha. Allah akamsamehe. Masahaba walipouliza kama katika wanyama nako kuna ujira, Mtume ﷺ akawajibu kuwa upo katika kila kilicho hai.

Sasa rudi kwa yule mjusi. Nyumbani kwetu pwani mjusi anakaa ukutani, anakamata nzi na mbu wake, hana deni na mtu. Wa dukani yuko ndani ya kioo. Mlango wa ardhi umeshafungwa, na siku unapomlipia umebaki mlango mmoja tu, nao ni wewe.

Na ulezi wake si mwepesi kama anavyosema muuzaji. Mwili wa mjusi haujitengenezei joto kama wetu. Asipopata mahali pa kuota joto, hata akila, chakula hakisagiki vizuri tumboni. Yule mjusi wa asili ya Australia anayeitwa bearded dragon anahitaji taa ya mionzi ya UVB. Bila hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D, na bila vitamini D kalsiamu haiingii mifupani. Mchanga, kwa kuwa bado anakua, ndiye anayeumia haraka: taya linalegea, miguu inapinda. Na taa hiyo hupungua nguvu ingawa macho yako yanaiona inawaka, kwa hiyo lazima ibadilishwe. Anakula wadudu kila siku, tena zaidi ya mara moja. Wakibanana wengi kwenye sanduku moja, hung'atana vidole na mikia. Na yule kobe wa ukubwa wa sarafu hukua akafikia ukubwa wa sahani, na anaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Mtoto atakwenda chuo, kobe bado yupo. Jamani, nani atambadilishia maji?

Tena kuna madhara kwetu sisi. Kobe hawa hubeba bakteria wa salmonela hata wakionekana wazima. Watoto waliugua kwa kuwashika na kuwatia mdomoni, ndiyo maana tangu 1975 sheria ya hapa Marekani inakataza kuuza kobe ambaye ganda lake halijafika inchi 4. Lakini bado wanauzwa barabarani na sokoni. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 inashauriwa isiwe na wanyama hawa kabisa.

Najua yupo atakayesema: "Ustadh, mjusi si tumeambiwa tumuue?" Ndiyo, iko hadithi kuhusu aina ya mjusi, na Muslim amepokea kwamba anayemuua kwa pigo la kwanza ana thawabu zaidi ya anayemuua kwa la pili. Hebu tafakari, kwa nini la kwanza? Wapo wanazuoni walioeleza kuwa ni kwa sababu hatesi. Na Mtume ﷺ alitufunza kuwa Allah amewajibisha wema katika kila kitu, hata katika kuchinja. Kama anayeuawa hateswi, itakuwaje kwa uliyemnunua kwa hiari yako, ukamweka sebuleni, akafa pole pole kwa wiki sita?

Wala sisemi mtoto asifuge. Abu Umayr alikuwa na kindege chake, na Mtume ﷺ alimtania nacho, hakumkemea. Ufugaji wenye huruma unamlea mtoto. Tunachokizungumza ni kufungia bila kuhudumia.

Ndugu yangu, saa kumi jioni unajua koo lako lilivyo. Lakini wewe unajua magharibi itaingia saa ngapi, na ukizidiwa utasema. Mjusi halii kama paka, habweki. Macho yanadidimia, mkia unakonda, basi. Yule mtu wa kisimani alimwelewa mbwa kwa sababu kiu alikuwa ameionja. Na sisi tumeionja siku 22.

La kufanya leo:
▪️ Kama hujanunua, ngoja. Jua kwanza gharama ya taa, chakula na daktari wa wanyama. Ukiona huwezi, mnunulie mtoto kitu kingine.
▪️ Kama unaye nyumbani, kabla ya tarawehe kamwangalie: maji, joto, taa, chakula. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila akishikwa.
▪️ Kama umeshindwa, usimtupe bwawani. Huko atakufa, au ataharibu maisha ya viumbe wengine. Mtafutie anayeweza, au mpeleke kwenye kituo cha kuokoa wanyama.

Ewe Mola wetu, usitujaalie kuwa sababu ya njaa ya kiumbe Chako. Tulainishie nyoyo, tukubalie funga zetu, na utukutanishe na Laylatul Qadr. Aamin.

Mtumie na mzazi mwenzako kabla hajaenda dukani. Tukutane kesho inshaAllah.