Nani Aile Figili ya Kwanza?

Masomo: Marko 4:26-29, 2 Timotheo 2:6



Safari hii twataka kunena juu ya jambo dogo, dogo kama mbegu ya figili yenyewe, ambayo haizidi sana kichwa cha njiti ya kiberiti. Sisi wa Mbulumbulu twaijua ngano, twayajua mahindi, maharage na mbaazi. Figili hatuijui sana. Watu wa pwani ndio walioizoea. Ni mmea wa jamaa moja na kabichi na haradali. Mzizi wake, mwekundu au mweupe, huliwa mbichi, na majani yake hupikwa kama mchicha. Tena hupenda baridi, na baridi Bwana ametujalia kwa wingi. Ule ukungu ushukao kutoka msitu wa Ngorongoro asubuhi za Juni na Julai, unaotufanya sisi wazee tutafute blanketi la pili, kwa figili ni hali njema kabisa.

Mtu atauliza, kwa nini watoto wa shule ya Jumapili wafundishwe kupanda kitu ambacho hata mama zao hawakipiki? Jibu letu ni kwamba figili haichelewi. Mahindi huku juu hukaa shambani miezi mingi, na mtoto wa miaka saba aliyepanda mwanzo wa masika huwa amekwisha kusahau kwamba alipanda. Figili nyekundu, zile ndogo za mviringo, huchipua kwa siku nne hadi saba, na baada ya wiki nne au tano huwa tayari kung'olewa. Mtoto akipanda Jumapili hii, Jumapili ijayo huona majani mawili yenye umbo la moyo. Kati ya kupanda na kula pana Jumapili tano tu, na hizo mtoto aweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Bwana wetu alisimulia habari za mtu aliyemwaga mbegu, kisha akalala na kuamka, usiku na mchana, na mbegu ikaota naye asijue jinsi ilivyoota. Yeyote aliyewahi kupanda pamoja na watoto ajua kwamba mtoto hakubali kulala na kuamka. Siku ya pili yuko tutani akifukua kwa kidole ili aone. Walimu wengi hapo hugomba. Afadhali mtoto huyo apewe mbegu tatu juu ya kitambaa kilicholowa maji, ndani ya sahani, nyumbani kwao. Hizo atazitazama apendavyo, ataona mzizi mweupe ukitokeza kabla ya jani, na zile za tutani zitapata amani. Hata hivyo, akiuliza ni nani aliyeuambia mzizi ushuke chini na jani lipande juu, mwalimu asijidai. Mtu yule wa Injili hakujua jinsi, na yeye ndiye mwenye shamba.

Namna ya kupanda ni nyepesi. Udongo ulainishwe vizuri na kuondolewa mawe, maana jiwe hupinda mzizi. Samadi iwe imeoza kabisa. Mbegu ifukiwe kina cha sentimita moja palepale itakapokomaa, kwa kuwa figili haipendi kuhamishwa kama kabichi. Zikiota zimesongamana, hupunguzwa ili kila moja ipate nafasi ya sentimita tano hivi. Hapa watoto wengine hulia, wakiona vibaya kung'oa kilicho hai. Tumesikia wahubiri wakirukia nafasi hiyo na kusema kwamba miche ing'olewayo ni mfano wa waliotupwa. Sisi hatukubali. Ile miche midogo huoshwa ikaliwa siku hiyohiyo, nayo ni mitamu, haikutupwa popote.

Lakini liko jambo lililotusukuma hasa kuandika. Katika shule nyingi, na katika nyumba nyingi za Wakristo, mtoto hukutana na jembe kwa mara ya kwanza kama adhabu. Amechelewa, alime. Amepiga kelele, akamwagilie bustani. Kisha twashangaa kwamba kijana akimaliza shule anaikimbia ardhi kama mtu akimbiaye kifungo! Nabii Isaya, sura ya 28, kuanzia aya ya 23, anasema juu ya mkulima ajuaye wakati wa kulima na wakati wa kuacha kulima, na mahali pa kila mbegu. Naye anasema kwamba maarifa hayo mkulima amefundishwa na Mungu wake. Yaani Mungu mwenyewe ni mwalimu wa kilimo. Basi ni nani aliyetupa ruhusa ya kulifanya somo la Mungu kuwa fimbo?

Na baya kuliko hilo ni mtoto kulima asile. Twaikumbuka shule moja ambayo wanafunzi walibeba maji kutoka korongoni asubuhi na jioni, bustani ikastawi ajabu, na mboga zote zikaishia majikoni mwa wakubwa, watoto wakirudi kwenye kande zao kavu. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba, lakini alitaka pia wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba hilo na waone faida ya jasho lao. Sehemu ya kwanza tuliishika upesi, ya pili tukaiacha ipotee njiani. Mtume Paulo alikwisha kumwandikia Timotheo kwamba mkulima mwenye kazi ndiye apasaye kuwa wa kwanza kupata fungu la matunda. Hakuweka umri. Mwenye miaka saba aliyelima ni mkulima.

Hata wapagani wa kale walijua kwamba afanyaye kazi hulishwa. Herodotus, Mgiriki aliyeandika historia, asema kwamba kwenye piramidi kubwa ya Misri alisomewa na mkalimani maandishi ya hesabu ya figili, vitunguu na vitunguu saumu walivyolishwa wajenzi, jumla talanta 1,600 za fedha. Kama mkalimani alisoma sawasawa ni shauri lingine. Ila wana wa Israeli nao, katika Hesabu 11, walivililia jangwani vitunguu na vitunguu saumu vya Misri.

Mzee mmoja wa kanisa alituuliza, "Je, malimbuko si ya Bwana? Iweje mtoto ale kwanza?" Swali ni la haki. Tusome Kumbukumbu la Torati 26. Mtu analeta kikapu chake, anakiweka mbele za Bwana, anasujudu. Na papo hapo anaamriwa afurahi katika mema yote aliyopewa, yeye na nyumba yake, na Mlawi, na mgeni aliye kwake. Kikapu hakiwanyimi wenye shamba chakula. Basi kila mtoto alete figili moja madhabahuni, na iliyo ya pili aile siku hiyohiyo, machoni petu. Na kwenye mnada wa mavuno, fungu la mtoto lisiachwe mwisho kabisa, baada ya jogoo na maboga, wakati watu wamekwisha kufunga mikoba. Mtoto anatazama ni nani anayenyosha mkono.

Kuhusu kula kwenyewe, tusilazimishe. Figili huwasha ulimi. Ukiishika tu haina ukali. Ukali hutokea inapokatwa au kutafunwa. Watoto wengine huitema. Waonjeshwe vipande vyembamba vyenye chumvi na ndimu kidogo, na majani yakaangwe kwa vitunguu vya Mang'ola yaliwe kwa ugali. Danieli na wenzake waliomba wajaribiwe siku kumi tu. (Biblia yetu ya 1952 husema walikula mtama, lakini neno la Kiebrania lahusu vitu vipandwavyo kwa mbegu.) Nasi tuwape watoto siku kumi kabla ya kusema hawapendi mboga. Wala tusiiache figili ardhini kupita wakati wake, maana hukakamaa, ikawa na uwazi ndani na ukali usiolika.

Ila katika kila tuta waachwe miche kama kumi isiyong'olewa. Itatoa maua, meupe au ya zambarau hafifu, na nyuki watakuja, maana figili moja peke yake haizai mbegu vizuri bila jirani. Maganda yakiwa mabichi huliwa pia, yakikauka hupukutishwa. Mbegu zitunzwe katika chupa kavu yenye kizibo, na ufunguo wa kabati akae nao mtoto mmoja atakayechaguliwa na wenzake.