MCHEZO ULIO BORA NI UPI?

Masomo: Zekaria 8:4–5, 2 Samweli 2:12–17, Mathayo 11:16–19





Mwezi huu tunapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lisilostahili ukurasa wa kanisa. Ni ubishi wa michezo. Kila aliyepita penye mabanda ya gemu hapa kwetu ameusikia, na siku hizi umeingia hata uani pa kanisa baada ya ibada. Vijana hupanga michezo yote waliyoicheza tangu utoto wao: wa kwanza upi, wa pili upi, wa tatu upi. Kila mmoja huitetea orodha yake kama wakili mbele ya hakimu.

Mmoja husema hakuna unaoushinda mpira wa FIFA, mchezo ulioanza mwaka 1993 na ambao tangu mwaka 2023 huitwa EA Sports FC. Mwenzake husema la, mpira wa kweli ulikuwa Pro Evolution Soccer, uliobadilishwa jina mwaka 2021 ukawa eFootball. Wa tatu hutaja ngumi na mateke ya Tekken, au Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004. Aliyesoma kidogo historia ya mambo hayo huwaambia wote kwamba heshima ni ya Tetris, mchezo uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, ambao ndani yake hamna bunduki wala damu, ni matofali tu yanayoshuka na kupangwa. Na mzee apitaye huguna akasema, “Mchezo ni bao. Hayo mengine ni kelele.”

Hatukuandika ili tutoe hukumu kati yao. Tumeandika kwa sababu Bwana wetu naye aliwaona watoto waliogombana juu ya mchezo, akaona katika ugomvi ule jambo kubwa.

Katika Injili ya Mathayo anasimulia watoto walioketi sokoni. Wengine wamepiga filimbi, wanataka mchezo wa arusi, lakini wenzao hawakucheza. Basi wakageuza, wakaomboleza kama watu walio msibani, wenzao hawakulia. Ndivyo siku inavyowapita, nao wameketi wakilaumiana, wala hakuna aliyecheza. Bwana aliwafananisha watoto hao na watu wa kizazi chake. Yohana alikuja akifunga, wakamkataa. Yeye mwenyewe alikuja akila na kunywa pamoja na wenye dhambi, wakamkataa pia. Angalieni vema, ndugu zetu: Bwana hakuilaumu filimbi, wala hakuyalaumu maombolezo. Alilaumu moyo mgumu usioitikia mwito wa mwenzake.

Hapo ndipo lilipo somo letu. Si vibaya mtu kuwa na mchezo aupendao kuliko mingine yote. Ubaya huanza pale mtu anapomkataa mwenzake kwa ajili ya mchezo wake. Tuyatazame mambo matatu.

Kwanza, mchezo ni zawadi ya Mungu. Nabii Zekaria alipoonyeshwa Yerusalemu itakavyokuwa siku Bwana atakapourudia mji wake, hakuona majeshi wala hazina za dhahabu. Aliona wazee, waume kwa wake, wameketi na mikongojo yao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Ona jinsi wazee na watoto walivyowekwa katika njia zile zile, na hakuna aliyewafukuza wengine. Basi yafaa sisi wazee tukumbuke hilo kabla ya kuwakemea vijana. Bao letu, au isolo kama wasemavyo Wasukuma, nalo huweza kula mchana kutwa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mwenye kulijua hufikiri mbali kuliko mwenye kushika padi ya gemu anavyodhani. Mwalimu Nyerere mwenyewe alilipenda bao. Mchimbaji atokaye kazini na kucheza drafti kwa vizibo vya soda, na kijana achezaye mpira wa televisheni, wote wanatafuta pumziko lile lile. Lugha yetu nayo inatufundisha, maana twasema kucheza ngoma, kucheza bao, kucheza mpira, kucheza gemu. Neno ni moja.

Pili, ushindani una mpaka wake. Watu wa Usukuma wanaujua ushindani tangu zamani. Katika karne ya 19 walitokea wapinzani wawili, Ngika na Gumha, na kwa majina yao yakaitwa makundi mawili makuu ya ngoma, Bagika na Bagalu. Hata katika nyakati zetu, kwenye sherehe ya Bulabo kule Bujora karibu na Mwanza, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Lakini Bagika wangekuwa nini bila Bagalu? Mpinzani ndiye anayekufanya ucheze vizuri. Ukimfukuza, umebaki peke yako uwanjani.

Maandiko pia yanatuonya. Kwenye birika la Gibeoni, Abneri na Yoabu walikubaliana vijana wao wasimame na kucheza mbele yao. Wakasimama 12 upande huu na 12 upande huu. Kila mmoja akamshika mwenzake kichwa, akamchoma upanga, wakaanguka wote pamoja. Siku ile iliishia katika vita vikali. Ulikuwa ni mchezo tu, kwa maneno ya wakubwa wao.

Kwetu hapa hakuna aliyechomoa upanga, lakini ulimi nao hukata. Katika ubishi mmoja wa vijana wetu, binti mmoja alipoulizwa mchezo wake bora, alitaja ule wa nyoka katika simu ya Nokia, uliotoka kwanza na simu ya 6110 mwaka 1997. Wenzake wakacheka. Mmoja akasema huo ni mchezo wa watu wasio na televisheni. Binti akanyamaza, na kwa wiki kadhaa hakuonekana katika mkutano wa vijana. Baadaye tulipata habari kamili kutoka nyumbani kwao. Baba yake alikuwa mchimbaji, na kila aliporudi jioni alimpa simu yake ndogo, wakashindana nyoka wa nani atakuwa mrefu zaidi. Baba huyo sasa ni marehemu. Waliocheka walidhani wanacheka nyoka, kumbe aliyetajwa pale alikuwa baba.

Ndugu vijana, ndivyo zilivyo karibu orodha zote hizo. Ukimwuliza mtu kwa upole, “Mchezo huo uliucheza na nani?” atakuambia habari za kaka aliyehama, za rafiki wa shuleni, za mama aliyempa mia mbili akiwa hana nyingine. Basi kabla hujaipinga orodha ya mwenzako, muulize swali hilo.

Tatu, mchezo ni mtumishi, usiwe bwana. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 1, 2022, limeuhesabu uraibu wa michezo ya video kuwa ugonjwa. Dalili zake ni kwamba mtu hawezi tena kujizuia, mchezo unatangulia mambo mengine yote ya maisha, naye anaendelea ingawa anaona madhara. Haya si ya gemu peke yake. Bao na karata pia zimevunja nyumba. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba jambo laweza kuwa halali na bado lisijenge. Fedha ya daftari ikiishia bandani, au mshahara wa mgodini ukiisha kabla haujafika nyumbani, hapo swali la mchezo bora halina maana tena. Mchezo umekwisha kuwa bwana.

Kwa hiyo tunawasihi. Wazazi, wajueni watoto wenu wanacheza nini na saa ngapi. Kaeni nao hata mara moja, mwulize kanuni, mkubali kufungwa. Wenye mabanda, msiwapokee watoto saa za masomo. Wazee, mwiteni kijana mmoja mmfundishe bao, nanyi mkubali akiwafundisha vya kwake. Vijana, bishaneni, maana ubishi wa kirafiki hunoa akili. Lakini pasiwepo anayerudi nyumbani akiwa ameaibishwa. Na aliyeacha kuja kwa sababu ya kicheko, mfuateni kwao.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyeahidi mji wenye wazee waketio kwa amani na watoto wachezao njiani, utujalie kufurahi bila dharau, kushindana bila chuki, na kupumzika bila kuwa watumwa. Utufundishe kuitikia filimbi ya jirani zetu na kulia pamoja nao waliao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.