Nani Hutoa Kibali cha Kujua?

Mwaka 1953, akiitetea Sheria ya Elimu ya Wabantu ya enzi ya ubaguzi wa rangi, waziri wa Afrika Kusini Hendrik Verwoerd aliuliza kuna faida gani kumfundisha mtoto Mwafrika hisabati ilhali hataweza kuitumia. Sheria hiyo ilikwisha kufutwa, ila wazo lililoizaa lingali hai: kwamba elimu hugawiwa na wenye mamlaka, kwa kipimo chao na kwa wakati wao. Kijana wa Johannesburg anayejifunza mwenyewe fanksheni za haipaboliki baada ya matriki, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, kabla ya kuanza uhandisi Februari katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, analikanusha wazo hilo kwa vitendo.

Fanksheni hizi hazimo katika muhtasari wa hisabati wa matriki, lakini zinajengeka kwa mkono wa yeyote mwenye subira. Ya kwanza, cosh x, ni nusu ya jumla ya namba mbili: namba maalumu e kwa kipeo x, na e kwa kipeo hasi x. Ya pili, sinh x, ni nusu ya tofauti yao. Zidisha kila moja kwa yenyewe, toa ya pili katika ya kwanza, na jibu ni 1, hata x iwe ngapi. Hapo profesa na mtoto wa kitongoji maskini cha Alexandra wako sawa, kwa kuwa hoja ndiyo hakimu. Hata jina kubwa la Galileo, aliyeufananisha mnyororo unaoning'inia na parabola, halikuzuia ukweli: mwaka 1691 Huygens, Leibniz na Johann Bernoulli walionyesha umbo lake halisi, ambalo leo huandikwa kwa cosh. Nyaya zinazoleta umeme kutoka Cahora Bassa, Msumbiji, hadi kituo cha Apollo karibu na Johannesburg, zaidi ya kilomita 1,400, hulegea kati ya nguzo na nguzo kwa umbo hilo.

Atatokea wa kusema kwamba asiye na mwalimu hupotea. Ni kweli. Ramanujan, mwanahisabati wa India, alijisomea kitabu cha hisabati cha Carr, akagundua mengi ya ajabu, na bado baadhi ya madai yake kuhusu namba tasa yalikuwa na makosa. Lakini Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, alipata cha kusahihisha kwa sababu Ramanujan alikuwa amethubutu kwanza. Pingamizi zito zaidi ni la haki. Kijana wa Sandton, mtaa wa matajiri, ana chumba tulivu na intaneti. Wa Alexandra, ng'ambo ya barabara ya M1, huenda hana. Basi kumsifu anayejisomea kusigeuke lawama kwa asiyepata nafasi, wala kusiipunguzie serikali deni lake la vitabu, maktaba na walimu. Deni hilo lenyewe linatokana na haki ya kujua, ambayo kila mtu anayo hata kabla hajafundishwa.

Wengine watauliza: ya nini haraka, na chuo kitamfundisha? Kwa sababu siku moja mhandisi huyo atatia saini mchoro ambao uhai wa watu utautegemea, na kusema "nilifundishwa hivyo" hakutamwokoa yeyote. Mazoea ya kujithibitishia ukweli yanahitaji kuanza mapema, na hayangoji ruhusa ya mtu.