Bei ya Gobori

Mtu aliyerithi bunduki ya kale akitaka kuiuza, je, anauza chuma na mti tu, au anauza pia yale yaliyotendwa kwayo? Sheria ya silaha ina lake la kusema juu ya kumiliki na kuuza. Mimi nauliza la dhamiri. Na naliuliza kwa ajili ya Handeni na Korogwe, ambako gobori si kitu cha makumbusho bali ni jina la nyumbani.

Mjuzi wa vitu vya kale huanza na chapa. Herufi ELG ndani ya duara refu humwambia kuwa kasiba ilijaribiwa Liège, Ubelgiji. Neno Tower na taji humwelekeza Uingereza, ingawa chapa hiyo iliigwa sana na haitoshi kuwa ushahidi. Hutazama mtambo: ni wa gumegume au wa fataki? Na jina lililochorwa kwa madaha pengine si la fundi, ni la mwenye duka. Vyombo vya mezani navyo vina hila zao. Buli lenye herufi EPNS si la fedha. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliovikwa utando wa fedha kwa umeme, ufundi ambao Elkington wa Birmingham waliupatia hataza mwaka 1840. Anayeliuza kwa bei ya fedha tupu amedanganya. Hapo maadili ni mepesi: sema kilichomo.

Kilichomo ndani ya gobori ni kizito zaidi. Mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani uliagiza kwamba kisiwani Unguja bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali peke yake. Katika bandari nyingine za Sultani ziuzwe huria. Sisi wa visiwani tutue hapo kidogo. Pangani na Saadani ndiyo ilikuwa milango ya Uzigua. Bunduki ziliwafikia Wazigua mapema kuliko Washambaa wa milimani, na mizani ya nguvu ikageuka. Baadaye Semboja wa Mazinde naye alijijenga kwa bunduki zilizolipiwa pembe na watu. Watu: hilo halikuandikwa kwenye chapa yoyote.

Nitajibiwa kuwa mjukuu hakumteka mtu, na kwamba gobori hilo hilo lililinda mahindi dhidi ya nguruwe mwitu. Ni kweli. Wala si kila gobori lilinunuliwa kwa mtumwa; Mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia silaha za kisasa, uliziacha gumegume zipite. Lakini muuzaji ndiye anayepandisha bei kwa sababu ya ukale. Maadam anaulipisha ukale huo, hawezi kuuza umri wa kitu na kuficha maisha yake.

Huko Handeni, Chogo, wanaishi Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani Somalia katika karne ya 19, wengine wakisukumwa na njaa ya miaka ya 1830. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 viliwarudisha wakiwa wakimbizi, na wengi wakapewa uraia. Hawakurudi na bunduki ya kupimwa bei. Walirudi na Kizigua chao. Mmoja wao akiingia katika nyumba yenye gobori na kuuliza lilinunuliwa kwa nini, mwenye nyumba atamjibu kwa lugha hiyo hiyo, na wataelewana.